Ndoo ya Maji ya Matope

Nakumbuka, mwanangu, siku nilipousakafia uwanja wangu wote kwa saruji, nikasimama barazani na kujiona mwenye mji. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, mitumba inatoka dukani kwangu, nami kijana niliyeteremka kutoka milima ya Rondo nikaona sasa nimekuwa mtu wa Lindi mjini. Migomba ya nyuma ya bafu niliing'oa nikaitupa. Mchaichai niliufyeka. Mtaro mpana wa majani, uliopokea maji ya mlimani, niliufukia. Nilisema ule ni ushamba, mimi niliyetoka shamba juzi. Nyani haoni kundule.

Chini yangu, mteremkoni, aliishi Bi Mwanaisha, mjane, katika nyumba ya miti na udongo. Alinionya mapema: "Mwanangu, migomba hiyo inakunywa maji mengi. Iache."

Nilicheka. "Mama, mambo ya kisasa haya."

Masika yalipoanza, maji yaliteleza juu ya saruji yangu safi yakaenda kwake. Asubuhi nikasikia hodi. Bi Mwanaisha amesimama na ndoo ya maji ya matope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuletea maji yako. Yalipotea njia, yakalala kwangu."

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mama yule alikuwa ameyazoa. Nikamfuata kwake. Ukuta wa chumba chake cha kulala ulikuwa umemeguka chini, fito ziko wazi, godoro liko juu ya meza. Mvua moja zaidi, na nyumba ingeanguka. Niliona aibu, mwanangu, na hadi leo naiona.

Siku hiyo sikufungua duka. Nilishika sururu, nikavunja saruji, nikafukua mtaro. Na chipukizi za migomba? Siku nilipozitupa, Bi Mwanaisha aliziokota akazipanda nyuma ya nyumba yake, akisubiri nipate akili. Tukazipanda mtaroni, tukakandika ukuta pamoja. Mvua iliyofuata ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Maji yalijaa mtaroni, yakatulia, ardhi ikayanywa taratibu, na mama alilala pakavu.

Basi nisikilize, wewe unayejenga mjini leo. Aliye juu ndiye mlinzi wa aliye chini. Jenga, sikuzuii, lakini bakiza udongo ulio wazi, na pale yanapopita maji panda mti. Mvua iliyonyesha kwako, ipokee kwako.

Mungu akujalie nyumba imara na umri mrefu. Na jirani akibisha hodi asubuhi ya masika, awe amekuja kuomba mchaichai wa chai.