Zege la Siku ya Giza

Mimi sijui kukaa. Saitini nikipewa kiti naweka kofia juu yake, mwenyewe naendelea kuzunguka. Lakini miezi ile ya kujenga Bangwe, kwetu ziwani, nilizidi, mpaka fundi mkuu, mzee wa Ujiji aliyenijua tangu nikiwa mdogo, akanitania kwamba nitachimba msingi mwingine kwa miguu.

Sababu ilikuwa mama. Ziwa lilikuwa limepanda, likala ukanda wa mchanga alikokuwa akianika dagaa wake wa kuuza, na sasa mawimbi yalikuwa yanalowesha ukuta wa jiko. Mvua zilikuwa njiani. Mimi ni msanifu majengo, nimewachorea watu nyumba Dodoma na Mwanza, halafu mama yangu mzazi analala kwenye nyumba inayolambwa na maji! Niliona aibu, na aibu kwangu hugeuka hasira upesi sana.

Nikapata kiwanja juu kidogo, Bangwe hiyohiyo, ziwa lote linaonekana. Nikachora nyumba ya ghorofa moja: chini atakaa mama, juu tutafikia sisi watoto. Mama aliitazama ile ramani kwa muda mrefu.

“Nzuri, mwanangu. Lakini huko juu nitaanika wapi?”

Nikamwambia ya dagaa tutayapanga baadaye, kwanza ahame. Akasema, “Tutaona.” Namjua. “Tutaona” ya mama ni hapana iliyojifunga kanga.

Mafundi wangu walitoka Ujiji na Gungu, lakini vibarua wa kubeba zege walikuwa wavuvi wa palepale. Huku kwetu ndivyo kazi zinavyokwenda. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi wanapanda saitini kubeba kokoto. Mwezi ukianza kuchelewa kutoka, giza limeingia, wanarudi ziwani, na hapo hata umpigie mtu magoti hakubebei karai moja. Mimi nimezaliwa hapa, nilijua. Ila slabu ilikuwa tayari, nondo zimefungwa, mbao na mirunda vimesimama, na wingu lilikuwa linakaa kila siku juu ya milima ya Kongo. Nikaamua tumwage siku ya kwanza ya giza. Vibarua walikubali kwa sharti moja: mwisho alasiri.

Mashine ya kuchanganyia zege ilichelewa kufika, na ilipofika ikakataa kuwaka. Nilizunguka ile mashine, nikapanda juu, nikashuka, nikamfokea fundi umeme ambaye hakuhusika kabisa. Ilipowaka jua lilikuwa limeshapita utosini. Alasiri inaingia, tumemwaga nusu tu.

Slabu haikatwi katikati. Ukimwaga nusu leo na nusu kesho unabaki mshono, na maji ya mvua hayakosi kuupata. Nyumba ya kumkimbiza mama kutoka majini ingeanza kuvuja kabla hajahamia.

“Dada injinia, tusamehe,” alisema kiongozi wa vibarua huku ananawa mikono. Wote wananiita injinia, nimechoka kuwasahihisha. “Leo giza. Vipe vinatusubiri.”

Nikapiga kelele. Niliwaita majina ambayo mama hakunifundisha. Yule bwana akangoja nimalize.

“Kesho asubuhi mama yako mwenyewe atakuwa ufukweni anatusubiri. Tusipoenda, atanunua nini?”

Wakateremka kwenda kwenye vipe, boti zao za kuvulia dagaa.

Mama alikuwa ameleta chai na mihogo. Aliangalia slabu iliyoishia katikati, akaangalia wingu, akaondoka. Chini kule dagaa wake na wa wenzake, masalio ya giza lililopita waliorudishwa juani, walikuwa wametandazwa kwenye kipande cha mchanga kilichobaki, nikajua anawahi kuwaanua. Niliumia, lakini ningemlaumu vipi?

Akarudi na wanawake wenzake, wachuuzi wa dagaa, kanga zimekazwa kiunoni, kila mmoja na beseni lake, wanaongea Kiha kwa sauti ya juu kama wanakwenda harusini.

“Haya injinia,” mmoja akaniambia, “acha kutuzungukazunguka, ingia kwenye mstari.”

Nikaingia. Mabeseni yalipita mkono kwa mkono kutoka kwenye mashine mpaka juu, nami nikiwa katikati yao, zege likinichuruzika kifuani. Fundi mkuu alisawazisha huku anacheka. Tulipofika ukingoni matone yakaanza. Wanawake wakashuka mbio, wakarudi na maturubai yao, yaleyale ya kufunikia dagaa, wakayatandaza juu ya zege bichi. Kule mchangani dagaa walilowa wote. Nilisimama kwenye mvua nikalia, na sikujificha.

Asubuhi nilianza kuomba radhi. Mama akanikatiza.

“Hilo zege linakanyagika lini?”

Nikamweleza habari za kulimwagilia na kulipa muda. Akasema yeye na wenzake watasubiri.

Siku niliyoruhusu mirunda itolewe, wakapanda na mabeseni ya dagaa wabichi, wakawatandaza slabu nzima. Nikaruka.

“Jamani, hapo ni ghorofa! Nguzo zinaendelea hapo!”

“Tumeziona,” mama alisema, huku anafunga kamba ya kufukuzia kunguru kwenye nondo zangu. Wiki hiyohiyo akahamisha godoro, maana lazima mtu alale karibu na dagaa. Madirisha yangu ya kutazamia ziwa hakuyasifia hata siku moja.

Ghorofa haijajengwa mpaka leo. Nikienda nalala sebuleni, nguo zangu zinarudi kazini na harufu, na nondo zile zinapata kutu. Kila nikiziona napata wazimu kidogo.

Masika yaliyopita nilikuwa saitini Dodoma, nazunguka, simu ikaita. Mama.

“Jiko la zamani limeondoka,” alisema. “Limeingia ziwani na ukuta wa chumba changu.”

“Ulikuwa wapi, mama?”

“Juu hapa, nageuza dagaa. Nimeliona lote likienda.” Kisha akauliza, “Umekaa?”

Nikamwambia ndiyo, nimekaa, na ilikuwa kweli.