Masomo Tisa kwa Mkupuo

Barua ya mkuu wa chuo ilinikuta nyumbani Mabawa, wiki ya pili ya likizo, na tangu niipokee sahani yangu ilikuwa ikirudi jikoni nusu. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza wa uinjinia katika chuo cha ufundi huko bara. Ndani mlikuwa na fomu yenye visanduku viwili. Ukichagua masomo sita kwa mwaka, utamaliza baada ya miaka mitatu mingine. Ukichagua tisa, miwili inatosha, ila ukianguka hata somo moja unafungasha virago. Chini yake mkuu aliongeza kwa wino mwekundu kwamba mekanika, lile somo la nguvu na mwendo, niliipasi kwa kubahatisha, na kwamba yeye hanishauri kubeba tisa. Nyumbani nilisimulia habari ya sita na tisa tu.

Lingekuwa shauri la chuo tu, ningechagua sita nikalala usingizi wangu. Lakini nilikuwa nimeposa mtaa wa Usagara. Baba wa binti alikubali kwa sharti moja, nalo alilisema mbele ya wazee: miaka miwili, isizidi hata siku. Yule binti nilikuwa nimezungumza naye mara tatu tu, kila mara bibi yake akiwa ameketi katikati yetu, lakini nilimpenda na sioni haya kusema.

Jumamosi hiyo, baada ya alasiri, baba alirudi kutoka shamba la mkonge, alikofanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kukamua majani. Mjomba, kaka wa mama, ambaye ndiye aliyepeleka posa, akaingia nyuma yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, injinia! Natoka Usagara sasa hivi. Nimewaambia wasitie shaka, kijana atwaa yote tisa. Ngoja ngoja huumiza matumbo!"

Masikio yaliniwaka moto kwa hasira. Nani alimtuma? Lakini mjomba hajibizwi, nikawatandikia mkeka.

Fomu ilihitaji sahihi ya mzazi. Baba aliandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu, na kwa mwandiko mzuri, Kiingereza hakukijua. Akakaa mkekani, akanipa barua mkononi.

"Haya, nisomee yote. Mie sitii mkono kwenye jambo nisilolijua."

Nikasoma nikifasiri. Nilipofika kwenye kufukuzwa kwa somo moja, mjomba akacheka. "Nani aanguke? Wewe?"

Baba hakucheka. Akaweka kidole kwenye karatasi. "Na hapa pekundu pasemaje?"

Mama alikuwa mlangoni na upawa mkononi. Wote watatu wananitazama mimi.

"Ananitakia heri," nikasema.

"Heri yaandikwa kwa wino mwekundu?"

"Ndivyo wafanyavyo Wazungu, baba."

Alinitazama kupita kawaida yake, kisha akatia sahihi polepole, kutoka kulia kwenda kushoto, jina lake na la babake. Visanduku aliniachia nivijaze mwenyewe.

Jumatatu nikaenda posta, fomu bado haijajazwa. Nilisimama pale kwenye kalamu ya kuchovya hadi watu wakaanza kunisukuma kwa viwiko. Nikaipeleka nibu kwenye tisa, nikairudisha winoni. Nilijiona nikishuka stesheni na sanduku langu la bati, nimefukuzwa, na jina la baba liko chini ya karatasi ile kwa sababu nimemdanganya. Nikatia vema kwenye sita, nikafunga bahasha upesi.

Hapo nilikuwa bado naweza kujiokoa. Ningerudi nyumbani nikaeleza, mjomba akafoka, yakaisha. Lakini nilimkuta kibarazani ananingoja.

"Ushapeleka?"

"Nimepeleka."

"Tisa?"

"Tisa," nikasema, na nikala chakula cha mchana kama mtu mwenye njaa.

Miaka miwili mizima nilitafuta namna ya kulitengeneza jambo lile, nisiione. Ilipoisha, Usagara walikuwa wamekwisha kumweka binti ndani kwa harusi, ndipo nikaandika nyumbani kwamba nilichukua sita na umebaki mwaka. Mjomba ndiye aliyekwenda kuwaambia. Wiki haikupita, posa ikavunjwa, na binti akaolewa na mtu wa Pangani.

Mwaka huo uliobaki nilifaulu masomo yote, mekanika nikaipasi kuliko wenzangu wote. Niliporudi nilikwenda kumwamkia bibi wa yule binti. Alinipokea barazani, hakunikaribisha ndani.

"Mjukuu wangu aliniachia maneno nikupe," akasema. "Ungemwambia mitatu, angekungoja mitatu, na angemlilia babake hadi akubali. Lakini kumngoja mtu mwongo, alisema, hajui kwaisha lini."