Kiya, Ng'weli na Antena ya Mama

Marehemu baba alikuwa na antena ya runinga juu ya mti mrefu wa kusimikwa nyuma ya nyumba yetu, kijijini Lingeka. Taarifa ya habari ikikaribia alipanda ngazi akauzungusha ule mti, sisi watoto tuko ndani tunapayuka.

"Vipi?"

"Chenga tupu!"

"Sasa?"

"Sauti ipo, watu hawaonekani!"

Ikikubali tulipiga kelele, "Hapo hapo! Usishuke, baba!" Maana akiuachia tu, picha nayo inaondoka. Masikini, habari nyingi alizisikilizia juu ya ngazi.

Mwaka jana ikawa zamu yangu. Dada yangu anayeishi Bariadi alikuwa amechoka kumpigia mama asimpate. Akasema wazi: kama mtandao haushiki pale nyumbani, mama ahamie kwake mjini na ng'ombe wauzwe. Mama akajibu kwamba pale ataondoka akiwa amebebwa. Namjua mama, hakuwa anatania. Nikanunua antena ya intaneti, nikaenda nayo.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na mimi kubahatisha sitaki. Mnara hauonekani kutoka kwetu, ila fundi mmoja alinipa vipimo vya mahali ulipo. Nikafungua laptopu barazani, nikachukua umbali wa kwenda kaskazini, nikaugawa kwa umbali wa kwenda mashariki, jibu nikaipa atan, ile tanjenti ya kinyume: unaipa uwiano, inakurudishia pembe. Ikajibu kwa radiani, nikageuza kuwa nyuzi. Thelathini na tano kutoka mashariki, kupandisha kaskazini. Safi! Nikapanda ngazi, nikafunga antena kwenye mti uleule wa baba, nikakaza nati kwa mbwembwe.

Wapi! Hata kijimstari kimoja cha mtandao hakuna.

"Umeielekeza wapi?" mama akauliza kutoka chini. Kwetu mashariki ni kiya, magharibi ni ng'weli.

"Kiya, mama."

"Huko si ni pori tu mpaka Serengeti? Unawapigia nyumbu?" Akacheka mpaka akashika ukuta.

Nilichukia, lakini nilirudi kwenye laptopu. Namba zangu zote mbili zilikuwa hasi: mnara uko kusini na magharibi. Nilipozigawa, hasi zikafutana, na atan ikaona uwiano uleule wa kaskazini na mashariki. Yenyewe haijui kiya wala ng'weli! Nikatumia atan2, ambayo unaipa namba mbili bila kuzigawa, kila moja na alama yake. Pembe ikageuka upande wa pili kabisa.

Nikapanda tena, nikageuza antena ikatazama ng'weli. Mama alikuwa ndani ameshika simu, dada anajaribu kumpigia kwa video kutoka Bariadi.

"Vipi?" nikauliza.

"Chenga!" Simu haina chenga, lakini ndivyo alivyosema.

Nikasogeza kidogo. "Sasa?"

Halafu nikasikia sauti ya dada, "Mama! Mama nakuona!" Na mama akapayuka kwa nguvu zote:

"Hapo hapo! Usishuke, baba!"

Mama huniita baba tangu utoto wangu, kama kina mama wengi wanavyowaita watoto wao wa kiume. Nikakaza nati; sasa antena isingesogea popote hata nikishuka. Sikushuka. Nilibaki juu ya ile ngazi, nimeushika mti, nikalia.