Mti wa Tonton Lokwa na Uzito wa Dunia

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri, sipendi kurudia maneno. Mto ukipunguka hapa Kisangani, tope la ukingo linatoa harufu ya majani yaliyooza na magamba ya samaki. Wengine wanaziba pua. Mimi, mwanamke mzee nisiyemaliza hata darasa la nne, ninapandwa na hasira.

Papa yangu alipokufa alituachia mahali pake kwenye maporomoko: miti mikubwa iliyochomekwa katika matundu ya mwamba, mitego ikining'inia juu ya povu, na ukingoni nyumba yetu na chanja ya kukaushia samaki. Kwetu mahali pa kutegea ni pa ukoo. Ukihama, mwenzako wa ukoo anaingia, na hakuna wa kumuuliza. Mama alilijua hilo, akakaa.

Mdogo wa papa, Tonton Lokwa, alikuwa mtu wa vichekesho, nami nilimpenda kuliko sukari. Jioni moja nilikuwa mabegani mwake, nyota ikaanguka ng'ambo ya mto.

"Ile imeenda wapi?" akaniuliza.

"Sijue, Tonton."

"Iko hapa chini na sisi! Kila siku zinaanguka. Donc dunia inakuwa muzito, inazama pole pole, sawa pirogi ile wanajaza mihogo."

Maji yalipofika chini kabisa, alisimika mti ukingoni, akauchonga alama pale maji yalipougusa. Mwaka uliofuata maji yakarudi chini vilevile, naye akatuita. Alama ilikuwa ndani ya maji.

"Semeki, unaona na macho yako," alimwambia shemeji yake, mama yangu. "Kiwanja inazama. Unangoja mutoto akufe maji?"

Mama aliutazama ule mti muda mrefu. Mtu wa mto habishani na alama ya maji. Hiyo ndiyo akili yetu, na siku ile ndiyo ilikuwa upumbavu wetu. Mimi niliona kichwa cha mti kimepasuka na kuchanuka kama ufagio mzee. Nikadhani ni kazi ya mvua. Nikashika kitenge cha mama, nikalia tuhame, nikalia mpaka nikatapika.

Tukateremka mto hadi Yanonge, kwa ndugu za mama. Tulipopanda tena mto kuuza mihogo, tulikuta moshi kwenye chanja yetu na mke wa Tonton akifagia uwanja wetu. Mama alisimama ndani ya pirogi, mtumbwi wetu.

"Ee, Lokwa! Dunia imekonda?"

Wanawake wa ukingoni wakaangua kicheko. Tonton hakucheka.

"Mwenyewe ulihama, semeki. Nani alikufukuza?"

Wazee wa ukoo walisema hivyohivyo. Nilimwita, "Tonton!" Aliendelea kufunga mtego wake, hakuinua macho. Hatukurudi pale tena.

Nilikuwa mama wa watoto tayari, nimerudi kuishi hapa Kisangani, siku nilipopigilia mti wa uzio wangu kwa nyundo, nikaona kichwa chake kinachanuka kama cha ule mti wa Tonton. Ardhi haikuzama. Mti ndio ulioshuka.

Majuzi nilimsimulia mjukuu wangu Ruth, anayesoma.

"Koko, alikudanganya nusu," akasema. "Vumbi ya huko juu inaanguka kweli. Lakini kuko na hewa nyepesi inatoroka kwenda juu, na ile inatoka inapita ile inaingia. Dunia inapunguka, lakini kidogo sana, mutu hawezi kusikia."

Bon. Kumbe Tonton alinitajia kinachoingia tu. Lakini nyumba si kinachoniuma zaidi. Mbele ya ule mti peke yake, mama angeweza kungoja mwaka mwingine. Tonton alijua mama hawezi kushindana na kilio changu, ndiyo maana ile nyota alinionyesha mimi kwanza.

Siku ileile niliwaita wote wa nyumba yangu, wakubwa kwa wadogo, nikawaamuru: mtu akija kutuambia tuondoke hapa, hata akiwa damu yetu, mpeni maji ya kunywa na mniletee mimi. Asikae na watoto. Na katika nyumba hii, asiwepo wa kufunga mzigo kwa sababu ya machozi ya mtoto.