Funga Breki

Siku hizi mtu akiniuliza chensoo ipi ni nzuri, namtazama kwanza usoni kabla sijafungua mdomo. Zamani nilikuwa namjibu hata hajamaliza kuuliza. Nilikuwa najua kila kitu mimi! Nimekata miti Tanga na wilaya zake kwa miaka mingi: mivinje iliyolalia mapaa ya nyumba za kizamani kule Raskazone, miembe iliyooza tumbo, mikaratusi, na mivule ya Maramba ambayo ukiikumbatia mikono haikutani. Huo msumeno wa mnyororo umenilisha, umenijengea nyumba, na umeniziba sikio moja. Basi watu walikuwa wakinijia kama wanavyomwendea mganga, nami nilikuwa napenda. Sifa tamu, jamani.

Maneno yangu yalikuwa haya. Mashine kubwa, ile ya bapa refu, yaani upanga unaozungukwa na cheni, ni ya mti mnene na mtu mwenye mgongo. Ukiizamisha kwenye mvule haisitisiti, unga wa mbao unamwagika miguuni kama pumba. Lakini ibebe asubuhi mpaka adhuhuri uone cha moto. Jioni kikombe cha chai kinakutetemekea mkononi, na petroli inakunywa bila haya. Ile ndogo ni tamu kuishika, unapanda nayo mtini imening'inia kiunoni, matawi unayapunguza huku unapiga soga na waliopo chini. Ila ukiipa gogo la kweli inalia, inapata moto, inazima, na ukiilazimisha umeiua. Katikati ipo ya tatu, ya kati, haina maajabu wala haikuaibishi. Hiyo, nilikuwa nikisema kwa sauti kubwa huku nikicheka, ndiyo ya mtu anayefanya kazi kila siku na anataka kurudi kula na watu wake.

Siku moja mdogo wangu wa kike alikuja kwangu na mumewe. Wao wanakaa ng'ambo ya mto Pangani, mbele kidogo ya Bweni. Shemeji yangu huyo alikuwa amerithi shamba la minazi mizee, haizai tena, na watu walikuwa wakiulizia mbao za mnazi za kuezekea. Shoka lilikuwa limemchosha. Akataka chensoo, na akataka nimchagulie mimi.

Kabla hata hajaeleza, mdogo wangu akamkata kauli.

"Kaka, mimi sitaki ya nguvu wala ya sifa," akasema. "Nichagulie ambayo haitaniletea mume wangu amebebwa kwenye mkeka. Tangu aanze habari hizi za mashine, usingizi umenipaa."

Nikacheka. "Wewe nawe! Mashine si simba."

"Nakwambia kweli, kaka. Ikimpata, nakuja kwako, si kwa mwingine."

Yeye hakucheka. Nikaona nimheshimu, nikazitoa mashine zote tatu uani, kubwa na ndogo zangu mwenyewe, na ya kati niliyoachiwa na fundi mwenzangu aliyekuwa anataka kuiuza. Nyuma ya nyumba palikuwa na gogo la mnazi. Mnazi ni mti laghai. Nje mgumu hasa, ndani laini, na unakula makali ya cheni mpaka unachukia. Nikampa shemeji ajaribu. Ile kubwa ilipita gogo mara moja, lakini shemeji ni mwembamba, ikamvuta mbele kama mbuzi mkorofi anayemburuta mwenyewe. Ndogo ilikwama nusu ya safari, ikatoa moshi. Ya kati ikaenda polepole, ikamaliza, na mikono yake haikutetemeka.

Tena ile ya kati ilikuwa na breki nzima. Kwa asiyejua, mbele ya mpini wa juu kuna kinga ya plastiki, kibao kipana kama kiganja. Ukikisukuma mbele, cheni inasimama papo hapo. Ndiyo breki. Na ikitokea ncha ya bapa imegusa kitu, mashine ikakurukia usoni, mkono wako unakigonga kile kibao bila wewe kufikiri, cheni inakufa kabla haijakufika shingoni. Nilikuwa nimeijaribu asubuhi, wao hawajafika, nikaridhika nayo. Nikamwambia mdogo wangu, chukua hii, nenda kalale.

Mafunzo yenyewe, Mungu anisamehe, yalikuwa mafupi hata birika la chai lisingewahi kuchemka. Mteja wa Raskazone alikuwa akinipigia simu, tawi limeanguka juu ya bati lake, nami nilikuwa natafuta viatu huku naongea. Changanya petroli na oili, usiache. Usiinue mashine juu ya mabega. Usikate kwa ncha. Noa kwa tupa, usingoje cheni iwe butu.

"Na kabla hujavuta kamba ya kuwashia, kila siku, funga breki. Umenisikia? Funga breki!"

"Nimesikia, shemeji."

Yeye ni mpole. Mimi, nisijifiche, ni mtu wa makelele. Ukiniuliza jambo mara ya pili nakuuliza kichwa chako kina nini. Kwa hiyo watu wameshazoea, hawaniulizi mara ya pili.

Masika yakapita. Nikavuka kivuko kwenda kuwaona, na kwa kweli nilikwenda kujisifu. Mdogo wangu nilimkuta jikoni kwake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mumeo yuko wapi?"

"Shambani. Kaa kwanza, nikwambie."

Akaniambia. Wiki iliyokuwa imepita, shemeji alikuwa anakata mnazi ulioanguka, ncha ikagusa gogo jingine lililokuwa chini yake. Mashine ikamrukia. Mdogo wangu akaweka vidole pembeni mwa shingo yake mwenyewe. Ilipita hapa, kaka. Ikachana kola mpaka begani. Ngozi haikuguswa hata kidogo.

"Wallahi, ile breki uliyomfundisha ndiyo iliyoniachia mume," akasema, na machozi yakamtoka. "Kila nikiswali nakuombea dua, wewe kabla ya watoto wangu."

Nilivimba kichwa, niseme kweli. Nikamwambia, si nilikwambia lakini? Nikaondoka kwenda shambani napiga mluzi.

Shemeji alikuwa amepumzika, anakunywa maji. Mashine ilikuwa juu ya kisiki, safi, imefutwa, cheni inang'aa makali. Nikafurahi. Nikainyanyua kuipima uzito kama nilivyozoea, kidole changu kikagusa kitu laini mahali pasipotakiwa laini. Nikatazama. Mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, uliokatwa ukanda, ulikuwa umezungushwa kwenye kile kibao na mpini wake, ukavutwa, ukakazwa, ukapigwa fundo. Juu yake ukanda wa pili. Kibao kilikuwa hakisogei hata kwa nyundo.

Lahaula! Nilishindwa hata kuiweka mashine chini. Nilisimama nayo.

"Nani kafunga hii?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Akanitazama kama mwanafunzi anayedhani anapewa mtihani. "Si ulinambia wewe? Kabla ya kuvuta kamba, funga breki. Naikagua kila asubuhi, ikilegea naikaza. Sijakosa hata siku moja."

Hapo ndipo neno langu mwenyewe lilinirudia usoni. Dereva akifunga breki, gari limesimama. Mtu akifunga mbuzi, amemkaza kwa kamba. Nimesema neno hilo maisha yangu yote na haikunipitia akilini hata mara moja kwamba ni lile lile. Shemeji yangu, mtu wa minazi, alilisikia kwa upande wa mbuzi.

"Na ukiiwasha, cheni haizunguki yenyewe?" nikamuuliza.

"Inazunguka papo hapo. Nikajua ndiyo nguvu uliyokuwa ukiisifia."

Nikalipuka. Nikafanya nilichozoea kufanya. "Ebo! Kufunga breki ni kusimamisha! Hujapanda gari maisha yako? Dereva anafunga breki kwa mpira? Kichwa chako kina nini wewe?"

Alingoja nimalize. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Gari sijawahi kuendesha, shemeji," akasema. "Nilishangaa kidogo, nisikufiche. Nikataka kukuuliza, lakini ulikuwa na simu na ulikuwa mkali. Basi nikaitazama ile yako kubwa pale uani. Yako imefungwa kwa mpira. Nikasema, kumbe ni hivyo."

Niliposifia mashine yangu kubwa kuna jambo sikulisema, na nililiacha kwa aibu. Springi ya breki yake ilikufa zamani. Kibao kikawa kinalegea, kinajisukuma chenyewe katikati ya kazi, cheni inasimama, nami nina haraka. Nikakifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, nikakisahau. Fundi mzima, ninayewajaza watu maneno mengi. Shemeji alinifuata mimi nukta kwa nukta.

"Na wiki iliyopita ilipokurukia," nikamuuliza, "hukushtuka? Hukujiuliza?"

"Nilijiuliza sana. Nikaona pengine sikuikaza vizuri. Ndiyo nikaongeza ule mpira wa pili."

Nikakaa juu ya gogo, michirizi ya jasho inanishuka mgongoni ingawa palikuwa na kivuli. Shemeji akaniuliza kama naumwa, akaniletea maji yake. Yeye! Ndiye aliyeniletea maji.

Nikasimama, nikachukua kisu, nikaikata ile mikanda. Nikawasha mashine, nikaiachia cheni izunguke, nikasukuma kibao mbele kwa kifundo cha mkono. Tak! Cheni ikasimama. Nikampa yeye. Akasukuma, ikasimama. Akarudisha, akasukuma tena, akacheka kwa furaha.

"Kumbe inasimama!"

Akarudia mara ya tatu, na mara ya nne hakucheka tena. Alizima mashine. Mkono wake ukapanda wenyewe mpaka shingoni, ukakaa pale, na uso wake ukabadilika rangi mbele yangu. Alikuwa ndiyo kwanza ameelewa.

Akanambia, "Shemeji, nakuomba, mdogo wako tusimwambie. Ndiyo kwanza ameanza kulala vizuri."

Nilikubali. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: nilikubali haraka, na nilimshukuru moyoni kwa kuniomba, maana hakuwa ananiomba kwa ajili yake wala mkewe tu, alikuwa ananisitiri na mimi. Tukarudi nyumbani tukanawa, tukakaa mkekani. Mdogo wangu alikuwa amepika wali wa nazi, mchuzi na changu wa kukaanga. Akanipakulia mimi kwanza, akaniwekea kichwa cha samaki, cha mgeni wa heshima.

"Kula, kaka. Leo ule mpaka ushibe. Mkono uliomfundisha mume wangu huo."

Tonge lilifika mdomoni likakataa kuingia. Nikalirudisha sahanini. Nikamwambia. Nilimwambia yote, mpira wa kwanza, mpira wa pili, mashine yangu uani, simu ya mteja, makelele yangu. Shemeji aliinamisha kichwa akawa anachezea ukindu wa mkeka. Mdogo wangu alikuwa ameshika upawa juu ya sufuria, na mchuzi ulikuwa unadondoka kidogo kidogo.

"Kwa hiyo siku ile breki ilikuwa haifanyi kazi," akasema.

"Ilikuwa haifanyi."

"Sasa ile cheni ilizuiwa na nini?"

Mimi, mtu wa kujibu kabla swali halijaisha, nikamjibu taratibu.

"Haikuzuiwa, mdogo wangu. Hakuna kilichoizuia. Ilipita tu."

Akaweka upawa chini. Akasogea mpaka alipokaa mumewe, akamfungua kifungo cha shati, na mbele yangu mimi kaka yake, jambo ambalo mwanamke wa kwetu halifanyi, akaanza kumpapasa shingo kwa vidole, upande huu, upande ule, nyuma, polepole, kama anayetafuta jeraha ambalo sote tulikuwa tumelipita bila kuliona. Shemeji alimwachia. Mimi niliinamisha macho kwenye wali wangu, na hakuna aliyenikaribisha tena.