Saluni ya Wilkista na Bendi Zisizopigwa Redioni

Wilkista alitoka Myanga kwa sababu ya kucheka. Yeye mwenyewe hulieleza jambo hilo hivyo, na ukijaribu kumwambia kwamba huenda kulikuwa na sababu nyingine, ataizima blodrai yake ya kukaushia nywele na kukuuliza kama ulikuwepo.

Mumewe, Mukhisa, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa maneno machache ambaye alikuwa akicheka peke yake akisahihisha insha za watoto. Aliugua figo, akalazwa, akafa. Baada ya mazishi nyumba ilijaa wakwe na majirani. Waliimba nyimbo za majonzi asubuhi, wakaziimba tena jioni, na katikati walimtazama Wilkista waone kama analia inavyopasa. Hakulia. Alikuwa amelia yote hospitalini. Alikaa tu pale alipowekwa, akaitikia pole.

Mchana mmoja alikuwa jikoni akichambua maharagwe, simu ikalia. Mtoto wa dada yake, Phelista, aliyekuwa akisoma Bungoma mjini, alikuwa amemtumia wimbo na ujumbe mfupi: "Anti, skiza hii. Ni vijana wa hapa Mabanga, hakuna mtu anawajua." Bendi yenyewe ilijiita Ndizi Mbichi. Wimbo ulimhusu bwana mmoja aliyekwenda kuposa akiwa na gambuti moja mguuni, ya pili ikiwa imenaswa matopeni. Kila akizitaja sifa zake, wakwe wanautazama ule mguu mtupu. Gitaa lilikwaruza, mtu fulani alipiga jerikeni badala ya ngoma, na msichana aliimba kwa sauti ya mtoto anayemdanganya mwalimu huku akijua kwamba hajaaminiwa.

Wilkista alicheka. Alicheka mpaka ungo ukamponyoka, maharagwe yakatapakaa sakafuni, na machozi aliyodhani yamekwisha yakaja pamoja na kicheko.

Eliakim, kaka yake Mukhisa, akachungulia mlangoni.

"Wewe! Unacheka na kaburi ya ndugu yangu haijakauka?"

"Nimecheka, shemeji," Wilkista akamjibu, akifuta macho kwa pindo la leso. "Tangu tumzike nimekaa hapa kama mtu amezikwa na yeye. Leo nimecheka."

"Mwanamke wa heshima hawezi."

"Basi mimi si wa heshima. Mukhisa mwenyewe alikuwa anapenda kucheka. Ni vile tu nyinyi hamkuwa mnamuangalia."

Maneno hayo yalifika kanisani kabla ya Jumapili na sokoni kabla ya hapo. Wanawake aliowasuka kwa miaka wakaanza kusukwa kwingine. Kikao kikaitwa cha kuijadili tabia yake, naye hakualikwa. Alikwenda hivyo hivyo, akasimama mbele ya watu wote, akawaambia kwamba msiba ni wake na ataubeba anavyoweza. Juma lililofuata akafunga vyombo vyake vya saluni, akahamia Kitale, ambako rafiki yake wa shule alikuwa na chumba cha kupangisha karibu na soko.

Hapo ndipo alipoanza kuwatafuta. Kwa kuwa Ndizi Mbichi walikuwepo bila mtu kuwajua, aliona kwamba lazima kuna wengine. Alichimba kwenye simu yake kila alipopata nafasi, akazipata bendi ndogondogo zinazorekodi sebuleni kwa mama zao, zisizo na meneja wala video, zenye wasikilizaji wachache ambao wengi wao ni binamu. Alipata kundi la Suam lililoimba kuhusu mbuzi aliyevuka mpaka wa Uganda bila kitambulisho na kurudi akiwa na lafudhi ya kule. Alipata dada wawili waliotunga wimbo mzima kwa sauti za mlango unaolia. Nyimbo zenyewe zilikuwa za pop nyepesi, za kuchezacheza, na watu wengi walizipita kwa kudhani kwamba wimbo unaochekesha umetungwa kwa uvivu. Wilkista hakukubali. Alisema kumliza mtu ni kazi rahisi, wala haihitaji gitaa.

Kila mteja aliyeketi kwenye kiti chake aliandikiwa dawa. Aliyegombana na mumewe alipewa mbuzi wa Suam. Aliyefeli mahojiano ya kazi alipewa ule wa mlango. Wengine walimwomba afungulie nyimbo zinazovuma Nairobi, kama saluni nyingine zote.

"Hizo utazipata hata kwa kinyozi," alikuwa akiwajibu. "Hapa unaskia zile hujaskia."

Mpinzani wake mkuu alikuwa Nyaruai, au Mama Kabiru, mama mtu mzima aliyeuza viazi mlango wa pili, ambaye wazazi wake waliletwa Trans-Nzoia kwa lori moja pamoja na vitu vyao. Nyaruai alikuja kusukwa kila mwisho wa mwezi akiwa amekunja uso tayari.

"Wilkista, hii kelele ya watoto utaacha lini?"

"Mama Kabiru, kaa. Hii ya leo ni yako."

"Si yangu. Mimi niko na nyimbo zangu za kanisa."

"Na hizo pia ni zako. Nani amekwambia masikio ina nafasi ya kitu moja?"

Nyaruai alikaa, akasikiliza huku akilalamika kwamba anavutwa nywele, na akiondoka alikuwa akiuliza kwa sauti ya chini, "Hao walikuwa wanaitwaje?"

Gikonyo, meneja wa redio moja ndogo ya mjini, alikuwa na mke aliyesukwa hapo. Siku moja Gikonyo alikuja kumchukua, akakuta hajamaliza, akaketi kungoja. Alimsikia Wilkista akimweleza mteja habari za bendi fulani kwa moto mkubwa hata yeye Gikonyo akasahau kuangalia simu yake. Akampa kipindi kifupi cha Jumamosi asubuhi. Wilkista akakiita "Hamjaskia Hii".

Kipindi kilipendwa. Watu walipiga simu kutoka Kiminini, Endebess, hata Bungoma, wengine kushukuru na wengine kuuliza kama yule mama ana akili timamu. Wilkista aliwajibu wote kwa heshima ileile. Kisha Ndizi Mbichi wakatoa wimbo mpya, kuhusu pakiti ya unga inayopumua. Ndani ya wimbo huo mama mmoja anaifungua pakiti, inatoa pumzi ndefu, na unga unaobaki ni wa kumpaka mtoto mmoja usoni. Wilkista aliupiga Jumamosi mbili mfululizo.

Gikonyo alimwita ofisini kabla ya kipindi cha Jumamosi ya tatu.

"Mama, huo wimbo wa unga tuuwache."

"Kwa nini?"

"Wadhamini wetu wanauza unga. Wamepiga simu."

"Kwani vijana wametaja jina lao?"

"Hawajataja."

"Sasa wamejijuaje?"

Gikonyo alitaka kucheka, akajizuia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wafanyakazi wa kulisha na mtambo uliozeeka. "Si huo tu. Wanataka nyimbo zote zipitie kwao kwanza. Halafu wanasema uchanganye na zile kubwa kubwa, zile watu wanajua. Hizi zako zitakuwa moja moja hivi, kama chumvi."

"Boss, kipindi kinaitwa Hamjaskia Hii."

"Tunaweza badilisha jina."

Wilkista aliingia studio, akaketi. Aliipenda ile maikrofoni. Aliipenda sana, kuliko alivyotaka watu wajue, kwa sababu tangu Myanga hakuwahi kusikilizwa na watu wengi kiasi hicho bila mmoja wao kumwambia anyamaze. Akawasalimu wasikilizaji. Kisha akasema polepole, "Nimeambiwa leo nisiwapigie wimbo fulani. Siwezi kuwadanganya kwamba nimesahau. Kwa hivyo huu ndio huo, na mimi nikimaliza nitatoka mwenyewe. Hakuna haja ya kunisukuma."

Akaupiga wimbo wa unga mwanzo hadi mwisho. Gikonyo alisimama nje ya kioo, mikono kichwani, wala hakuingia kuuzima. Ulipokwisha, Wilkista alivua vipokea sauti, akavipanga vizuri mezani, akatoka.

Alilia alipofika saluni. Nyaruai alimkuta ameegemea sinki, akamshika bega bila kuuliza.

"Nimeskia kwa redio," akasema. "Umefanya ujinga mzuri sana."

Siku chache baadaye Wilkista alikwenda Bungoma kuwaeleza Ndizi Mbichi mwenyewe, kwani hakutaka walisikie jambo hilo kwa watu. Hakuwa amewahi kuwaona ana kwa ana. Aliwakuta nyumbani kwa kina Everlyne, yule mwimbaji, huko Mabanga, wakiwa wamekaa kwenye benchi. Tonny wa gitaa alikuwa na shati jeupe na tai. Ian, yule wa jerikeni, hakuwepo.

"Niaje, anti," Tonny akasema, kisha akaona aibu. "Shikamoo."

"Marahaba. Na hiyo tai?"

Wakatazamana. Everlyne ndiye aliyejibu. Walikuwa wamepata kazi ya kupiga katika hoteli moja mjini kila wikendi. Wangepiga nyimbo za wengine, zile zinazojulikana. Ian alikuwa ameshakwenda Eldoret kutafuta kibarua. Ndizi Mbichi ilikuwa imekwisha.

"Hata anti wewe wamekufukuza juu yetu," Everlyne akasema, kwani habari zilikuwa zimemtangulia Wilkista. "Si uone tu. Watu hawatutaki."

"Watu gani?" Wilkista akauliza. "Hebu wataje. Mimi nilikuwa naongea na watu kila Jumamosi. Kuna mama wa Endebess alinipigia, ameugua mwaka mzima, akaniambia huo wimbo wa gambuti anauweka kabla ya kumeza dawa. Huyo si mtu? Hoteli wanaweza kuwapa kazi, chukueni, mle. Lakini mkiniambia kwamba hamtakiwi, hapo mmenidanganya, na mimi nimetoka mbali."

"Ni wimbo ya mzaha tu, anti," Tonny akasema.

"Nani alikwambia mzaha ni kitu ya kutupwa?" Sauti yake ilipanda, kuku wakatawanyika. "Mimi nilizika bwana yangu. Watu walinipea maneno makubwa makubwa, siwezi kukumbuka hata moja. Nyinyi mlinipea mtu na gambuti moja. Hiyo ndio ilinifanya niamke nipike. Sasa usiniambie 'mzaha tu'."

Everlyne akatazama chini, akafuta shavu kwa nyuma ya mkono. Alikuwa hajui. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba wimbo wao ulimfikia mtu mahali kama hapo.

"Tutacheza wapi sasa?" akauliza mwishowe. "Redio imekataa."

"Kwangu," Wilkista akasema, ingawa hadi dakika ile hakuwa amelifikiria.

Nyuma ya saluni kulikuwa na uwanja mdogo wa kuanikia taulo. Jumapili waliyopatana, baada ya kanisa, Wilkista na Nyaruai waliondoa kamba, wakapanga viti vya saluni, mabenchi ya jirani mwenye hoteli ya chai, na magunia ya viazi ya kukalia. Wateja walikuja, na majirani, na watu kadhaa waliosema walikuwa wakisikiliza kipindi. Haukuwa umati. Nafasi nyingi zilibaki wazi, na Tonny alizitazama mno.

Wimbo wa kwanza uliharibika. Everlyne alianza juu kupita kiasi, akasimama katikati. Vijana wawili langoni wakapiga mluzi wakaitisha wimbo mmoja uliokuwa ukivuma wakati ule. Wachache wakacheka. Everlyne akamgeukia Tonny kana kwamba anataka kuondoka.

Wilkista akainuka. Hakuchukua maikrofoni, sauti yake ilitosha.

"Huo wimbo mko nao kwa simu, na utakuwa hapo mkifika nyumbani. Hawa hamna. Kama mnataka kukaa, kaeni. Kama mnataka kwenda, geti ni hilo, hata sijalifunga. Lakini hakuna mtu atawazomea hapa kwangu."

Mmoja wa wale vijana akaenda zake. Mwenzake akabaki, akaketi juu ya gunia.

Everlyne akavuta pumzi, akaanza upya, chini zaidi. Hapakuwa na wa kupiga jerikeni, kwa hivyo Nyaruai, bila kuombwa, akachukua beseni la kuoshea nywele, akaanza kulipiga, akikosea na kuendelea vilevile. Kicheko cha kwanza kilitoka kwa mtoto. Cha pili kilitoka kwa mwenye hoteli ya chai. Ule wimbo wa unga ulipofika, uwanja mzima ulikuwa ukiitoa pumzi ya pakiti pamoja nao, kwa sauti, mpaka waliokuwa barabarani wakasimama kusikiliza.

Gikonyo alikuwa amesimama barabarani pia. Alisubiri mpaka Wilkista akaja langoni.

"Watu wananipigia sana," akasema. "Nimeongea na wale wadhamini. Unaweza kurudi. Huo mmoja tu uachwe, na nyimbo zingine niwe nazisikiliza kwanza. Mimi, si wao."

Wilkista alimtazama. Alikuwa akimpenda yule mtu kwa namna yake, na aliikumbuka ile maikrofoni.

"Bwana Gikonyo, asante. Umenijali. Lakini hapana."

"Redio inafika mbali, Wilkista. Hapa ni uwanja wa taulo."

"Najua ni uwanja wa taulo. Ingia ukae."

Hakuingia, alikuwa na kikao. Redio ikampa kipindi mtu mwingine, na Wilkista hakurudi tena. Ian naye hakurudi kutoka Eldoret. Tonny na Everlyne walishika kazi ya hoteli, kwa kuwa watu hula, lakini Jumapili ya mwisho wa kila mwezi walipanda kwenda Kitale, na hotelini wakaanza kuchomeka nyimbo zao katikati ya zile kubwa bila kuomba ruhusa. Wateja wawili waliacha saluni wakisema ni vurugu. Eliakim, walivyosema watu wa Myanga, alisikia habari zote na kutikisa kichwa.

Jumapili moja mvua ilinyesha asubuhi, uwanja ukajaa matope, na bado watu walikuja. Lile kundi la Suam, la wimbo wa mbuzi, lilikuwa limefika kwa mara ya kwanza, vijana waliobeba vyombo vyao ndani ya mifuko ya mbolea. Mtu mmoja wa nyuma akauliza hao ni akina nani, mbona hajawahi kuwasikia.

"Ndiyo maana umekuja," Wilkista akamwambia. "Songa huko, mpe huyo mama nafasi, wanaanza."