Figo Niliyoiombea Isifae

Niliomba figo yangu isifae. Jambo hili nimelikana mbele ya mchungaji, mbele ya mume wangu, na hata mbele ya daktari aliyeniuliza kwa upole, tukiwa wawili tu chumbani, kama kuna mtu anayenilazimisha kujitolea. Nilimwambia hakuna anayenilazimisha, na kwamba kila siku ninaomba damu zetu zipatane. Nusu ya kwanza ilikuwa kweli.

Aliyehitaji figo ni kaka yangu, anayenizidi miaka mitatu. Yeye ndiye aliyebaki kulima shamba la wazazi wetu huko Kathonzweni: mbaazi, ndengu, na mahindi ambayo kwa kawaida hukauka yakiwa yamefika magotini. Figo zake zote mbili zilikuwa zimekwisha. Mara mbili kwa wiki alilazwa kando ya mashine ya kusafisha damu, akarudi nyumbani akiwa na rangi ya majivu. Mkewe alipimwa, kundi la damu likakataa. Mdogo wetu alipimwa, wakamkuta na sukari. Nikabaki mimi, wa mwisho wa kupimwa, mwanamke wa miaka hamsini na miwili anayeandika makala kuhusu ujasiri wa watu wengine.

Baada ya kupimwa nilitoka Kitui mjini, ninakofundisha, nikaenda kukaa nyumbani kungoja majibu. Niliwaambia wote kwamba nimekuja kuomba. Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, nilishuka mtoni. Mto wetu ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Maji yako chini, na anayeyataka huchimba. Nilitembea juu ya mchanga huo mikono ikiwa nyuma kama mkaguzi wa shule, nikimwambia Mungu maneno mazuri.

Lazima niseme kwamba nilikuwa na jina katika mambo haya. Niliwahi kuandika makala kuhusu kuomba huku ukitembea, na akina mama waliisoma katika vikundi vyao mpaka Nunguni na Mukuyuni. Niliandika kwamba uumbaji hututuliza. Sasa nilikuwa katikati ya uumbaji wenyewe, migunga haina jani, kanga wakinipita mbio kama watu waliochelewa ibada, na sikutulia hata kidogo. Sala yangu ilikuwa "mapenzi yako yatimizwe," na niliisema kama mgeni anayesukuma sahani na kusema ameshiba, ilhali chakula ndicho asichokitaka. Simu yangu huhesabu hatua. Asubuhi moja ilinipongeza kwa kutembea sana, na nikaona hiyo ndiyo sifa pekee ninayoistahili.

Siku ambazo hakwenda kwenye mashine, kaka alinifuata polepole akaketi ukingoni. Daktari alikuwa amempimia maji ya kunywa, nusu lita kwa siku, kwa sababu mwili wake haukuweza tena kuyatoa. Mahali petu watu huomba maji miaka nenda miaka rudi. Yeye alikaa pale akitazama punda wa majirani wakinywa kwenye kisima cha mchangani.

"Mwana wa mama," aliniambia siku moja, "umemaliza kuongea na mkubwa wako?"

"Bado."

"Mwambie mimi ndiye Mkamba wa kwanza kukatazwa maji wakati yapo." Akamwelekezea punda kidole. "Na huyu anakunywa bila hata kusema asante. Angalia."

Nilicheka. Naye akacheka, kisha akaacha.

"Unaogopa?"

"Niogope nini?"

"Kisu."

"Mimi? Watoto wangu wote wawili walitolewa kwa kisu."

"Basi acha mimi niogope kwa niaba yako," alisema. "Maana ukiniambia unaogopa, nitaelewa. Sitakasirika."

Alikuwa amenifungulia lango na kulishikilia. Sikuwa na la kufanya ila kupita. Badala yake nikamwambia jua limekuwa kali, turudi nyumbani.

Jumapili iliyofuata kanisa lilifanya kile tunachokiita shukrani ya imani. Unamshukuru Mungu kwa kitu kabla hujakipata, ili kionekane hakina njia nyingine ila kuja. Nimeona watu wakishukuru kwa mvua huku vumbi likiwaingia machoni. Safari hii tulishukuru kwa figo. Mbuzi alichinjwa. Niliitwa mbele, akina mama wakanifunga leso mpya mabegani, wakanivika kikapu cha kiondo kichwani, kamba ikikaa kwenye paji la uso kama inavyobebwa huku kwetu, wakanizunguka wakiimba kwamba dada ametoa mwili wake. Kaka aliketi benchi la kwanza akipiga makofi kwa mikono iliyovimba. Nilicheza. Nina shahada mbili na nilicheza nimevaa kiondo kichwani, nikishangiliwa kwa jambo ambalo kila asubuhi nilikuwa nikijaribu kulikwepa. Baada ya siku hiyo hakukuwa na njia ya kurudi ambayo ningepita na bado nikaitwa dada.

Jumamosi wakanipeleka mlimani. Kundi la akina mama hupanda kilima kilicho nyuma ya soko, bila chakula wala maji, na juu kuna jabali tambarare ambapo huombwa kwa sauti, kila mtu lake, wote kwa pamoja. Mimi huwa siombi hivyo. Husimama nimefumba macho kama mtu anayengoja sindano. Lakini siku ile kelele zilinizunguka kama ukuta, nikatambua kwamba hapo hakuna awezaye kunisikia, hata aliye begani kwangu. Nikasema. Nilisema kwa Kiswahili, kwa sababu Kikamba ni lugha ya marehemu mama yetu na niliona angesikia. Nilisema, "Isifae. Baba, fanya isifae. Tafuta njia nyingine, lakini si mimi." Nililirudia ombi hilo mpaka sauti ikakauka, machozi na kamasi vikinichuruzika mpaka kidevuni.

Miaka yote nimewafundisha watu kwamba ukimwambia Mungu ukweli, kitu hufunguka ndani. Nilisubiri kifunguke. Upepo ulipita, tukasema amina. Kutoka pale juu niliweza kuona bati la nyumba ya kaka yangu, na mtu mmoja mdogo ameketi mbele yake.

Tulipokuwa tukishuka, mwenyekiti wa kundi, mjane mwenye mdomo mkali, alinishika mkono ili nisiteleze.

"Leo Mwalimu ameomba," aliwaambia wenzake. "Siku zote huwa anaomba kama mtu anayesoma gazeti."

"Leo hata make-up imeshuka," mwingine akasema.

"Wacha ishuke. Ndugu ni ndugu." Akanigeukia, safari hii bila mzaha. "Mwalimu, ombi kama lile Mungu hawezi kulikataa."

Nilimshukuru. Usiku huo na mwingine uliofuata nilijaribu kulifuta ombi lile, kama mtu anayefuta ujumbe aliotuma vibaya. Nilimwambia Mungu sikumaanisha. Kisha nikajiuliza kama hapo ndipo namaanisha, nikaona sijui, na kwamba mtu asiyejua anachotaka hana haja ya kupiga magoti. Nikaacha kuomba kabisa. Kutembea niliendelea, kwa sababu wote walinitazamia nitembee.

Jumanne kaka na mkewe waliondoka mapema kwenda hospitalini. Nilikuwa mtoni simu ilipolia.

"Mwana wa mama, umekaa?"

"Nimesimama."

"Kaa chini kwanza."

Nikaketi mchangani.

"Daktari ametuita ofisini. Majibu yametoka. Damu yangu inaikataa yako. Anasema hata wakiiweka figo yako, itakufa siku hiyo hiyo. Amesema tusirudie kupima."

Nilisikia mkewe akilia karibu naye.

"Upo?"

"Nipo."

"Sasa usianze kujilaumu. Nimemwambia daktari, huyo dada yangu amefunga, amepanda mlima, amelia mpaka akina mama wakashangaa. Kama ni kuomba, ameomba."

"Kaka," nikasema.

"Hapana, usiseme kitu. Najua ulivyotaka ifae."

Alingoja. Pumzi yake ilisikika, fupi, ya mtu aliyetoka kupanda ngazi.

"Nilitaka sana, kaka," nikamwambia.